Mpangaji

Tunamwita Mpangaji.
Halipi kodi, hana godoro wala sufuria,
ila anakaa chumba chenye baridi kuliko vyote Mbale:
mlango wa chuma, kufuli mbili.
Ufunguo mmoja ninao mimi, wa pili anao askari.

Ana nodi ishirini na nne. Zilikuwa ishirini na sita;
mbili ziliungua usiku ule umeme uliporudi kwa hasira.
Mlangoni mwake, usiku huu,
zimepanga foleni kazi mia tatu na kumi na saba.
Sijui mahali pengine mjini penye kazi nyingi hivi.

Profesa Etyang anataka nodi zote, siku sita,
achambue nasaba ya muhogo na maradhi yake.
Mpangaji hakumkatalia. Hakumpa shikamoo pia.
Alipima nani alikula sana mwezi uliopita,
akamwambia: saa kumi na mbili asubuhi, zote zako.
Tangu hapo, kila kazi inayokwisha inaacha nodi wazi,
na nodi tupu zinanguruma, zinamngoja mkubwa.

Khainza amenipigia simu mara nne.
Kwao ni Bududa, upande ule mlima unakoteremka.
"Dada, yangu ndogo. Nodi mbili tu.
Mvua ya wiki hii, udongo, mteremko,
nataka kujua utakatikia wapi. Nisogeze."

Amri ya kusogeza ninayo.
Neno moja, na namba ya kazi.
Kidole kilishafika juu ya kitufe.
Lakini mkono huu naujua: mwaka juzi ulimsogeza mmoja,
kesho yake wakaja wanane,
kila mmoja na shemeji yake.

"Uliomba saa ngapi?"
"Sabini na mbili."
"Na kazi yenyewe?"
Kimya. "Tatu. Niliogopa kukatwa kabla sijamaliza."

Nikamkumbusha bomba la Namatala,
ambapo jerikani husimama foleni kwa niaba ya wenyewe,
za manjano, moja ina kitambaa shingoni,
nyingine jina kwa rangi ya kucha.
Mwenye pipa zamu yake ikikaribia
hutafuta mpira, huita vijana, pipa lisukumwe;
na hapo katikati, maji yakimwagika bure,
mama mwenye birika husema "niruhusuni",
hukinga, huenda zake.
Hagombani naye mtu. Hajamchelewesha mtu.
Ila liwe birika kweli.
Ukija na pipa ukaliita birika, watu wana macho.
Ukija na birika ukaliita pipa,
utangoja na mapipa.

"Futa sabini na mbili," nikasema. "Andika nne."

Saa saba na dakika kumi, kwenye kioo,
INASUBIRI ikawa INAENDELEA.
Sikugusa kitu. Nilikuwa nakunywa chai ya askari,
tangawizi nyingi, sukari hakuna.

Saa kumi ramani yake ikatoka.
Madoa mekundu matano,
moja limekaa juu ya shule aliyosoma.
Mvua ilikuwa imeanza kugonga mabati.
Akapiga simu tangu saa hiyo mpaka kuche,
safari hii si kwangu.

Saa kumi na mbili kamili muhogo ukaingia,
nodi zote ishirini na nne,
haukujua kwamba kuna aliyepita.

Nikarudi nyumbani. Kaka yangu Wambede yuko macho,
anapasi shati lilelile, bahasha ya kaki mezani,
mwaka wa nne huu.
"Vipi huko kwenu," ananitania, "kazi yangu imefika wapi?"

Huko kwetu ukiuliza unajibiwa:
inasubiri. Sababu: nodi hazitoshi.
Inasubiri. Sababu: kuna waliokutangulia.
Wambede anasubiri. Sababu,
nimeigeuza bahasha pande zote mbili,
hapakuandikwa kitu.